Chiriku Mbele ya Hakimu

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipanda ngazi ya mbao hadi chumba cha juu, alimoshonea mama yake. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akifika huokota pini zilizoanguka sakafuni, huku akisimulia mambo ya shule tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho.

Ngazi ile ilikuwa na kipandio kimoja kilichooza. Mama alimwonya mwenye nyumba mara tatu, Chiriku akisikia. "Nitatuma fundi kesho," alijibu kila mara, na kesho yake haikufika. Siku moja mama alikuwa akishuka na furushi la nguo, kipandio kikavunjika, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia. Mkono wa fundi cherehani, jamani! Mfupa uliunga, lakini vidole viwili vilibaki vigumu. Mama akafungua kesi ya madai.

Mwenye nyumba alidai kwamba ngazi ilikuwa nzima, hakuonywa na mtu, na mama alianguka kwa uzembe wake mwenyewe. Mama aligonga kichwa siku ile, hakukumbuka alivyoanguka. Shahidi alikuwa Chiriku peke yake.

Asubuhi ya kutoa ushahidi, walipokuwa kwenye benchi la korido, mjomba alimvuta kando.

"Mpwa wangu, sema kipandio kilikuwa kibovu, basi. Ile habari kwamba ulimwita mama yako akageuka, imeze. Ukiitoa tu, tumekwisha."

Ni kweli Chiriku alimwita mama alipokuwa akishuka, tena kwa kelele, amwonyeshe alama zake za hesabu. Siri hiyo alimwambia mjomba tu, na ilikuwa imemkaba miezi yote.

Hakimu, mwanamke mwenye miwani iliyoshuka puani, alimwuliza kwanza, "Unajua maana ya kusema kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ni kusema yote, hata yanayoniuma."

Akasema yote. Alieleza kipandio alichokuwa akikiruka tangu muhula uanze, na maonyo matatu aliyoyasikia. Kisha, machozi yakimtoka, akaeleza alivyomwita mama. Mjomba aliinamisha kichwa. Wakili wa mwenye nyumba akatabasamu kama aliyekwisha kushinda.

Siku ya hukumu, hakimu alisoma taratibu. "Mtoto huyu hakuficha hata jambo lililoweza kumponza mama yake. Kwa hiyo namwamini pia kuhusu ngazi na maonyo. Mzazi kugeuka anapoitwa na mwanawe si uzembe. Kuacha ngazi ioze baada ya kuonywa ndio uzembe. Mdai ameshinda, na mdaiwa atamlipa fidia."

Nje, mjomba alijikuna kisogo. "Nilitaka umeze kilichotuokoa. Nisamehe, mpwa wangu."

"Njia ya mwongo ni fupi, kaka, na nusura utupitishe humo," mama alisema, akacheka. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, kesi ningeshindwa, ningeishi. Lakini ningeshinda kwa kuficha kwako, kila ushonapo neno ningejiuliza kama uzi wake ni mzima. Sema kweli hata ikikuuma, ndipo watu watakuamini. Mimi leo najivunia hukumu, lakini wewe nakujivunia zaidi."