Nilimfungia Mwanangu Ndani Ili Wifi Asimchukue

Mlango ulikuwa umevunjwa.

Haukufunguliwa... ulivunjwa. Kitasa kinaning'inia, mbao zimechanika, kioo cha dirisha kimemwagika mpaka juu ya godoro.

Na kitanda kilikuwa kitupu.

Mwanangu Jacob, ambaye hata mwaka na nusu hajafikisha, nilimlaza pale kwa mikono yangu. Nikafunga mlango. Ufunguo ulikuwa bado kwenye pindo la kitenge changu.

Nikatoka uani mbio. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mama mmoja jirani anakoroga mchuzi wa harusi.

"Mama, mtoto wangu yuko wapi?"

"Si kachukuliwa na shangazi yake."

"Shangazi yupi?"

"Hyasinta. Kapita hapa mbio, mtoto kamfunika kitenge gubigubi, akapanda boda. Nimemwita, hata kugeuka hakugeuka."

"Na huo mlango hamkusikia?"

"Tulisikia kishindo. Tukajua vijana wanashusha viti."

Ndugu zangu, kile nilichokiogopa wiki nzima kilikuwa kimetokea. Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mjue kwa nini nilimfungia mtoto kama mfungwa.

Naitwa Anneth. Nimezaliwa Kilosa, nimeolewa na Geofrey, kijana wa Njombe, tunaishi Morogoro. Sekondari niliacha njiani, nikaja kuimalizia kwa masomo ya jioni nikiwa na mimba ya huyu huyu Jacob. Nasema hivyo mjue tu kwamba sikuwa mjinga wa kutojua kusoma. Mtaona baadaye.

Likizo ya mwezi wa sita tulipanda Njombe. Mdogo wake Geofrey, Filbert, alikuwa anaoa. Bibi harusi, Modesta, ni binti wa Makambako. Tukapanga tukae kwanza wiki nzima ukweni, Njombe, ndipo Jumamosi wote twende Makambako harusini.

Mimi ni mtoto wa joto. Asubuhi ya kwanza natoka nje nakuta barafu nyembamba imelala juu ya majani ya viazi. Nikarudi ndani kumwangalia Jacob. Vidole vyake vilikuwa kama vya mtu aliyetolewa majini.

Mama mkwe alitupokea vizuri, siwezi kumsema vibaya. Tatizo lilikuwa wifi.

Hyasinta ni dada mkubwa wa Geofrey. Anaishi na mama yake. Hana mume, hana mtoto... ndivyo nilivyoambiwa. Siku tunafika alinipita mimi na mizigo yangu, akamnyanyua Jacob.

"Kamwene, mwanangu."

Alimsalimia mtoto, mimi bado nimesimama mlangoni.

Halafu akawageukia watu. "Huyu harudi Morogoro. Huyu nimeshapewa."

Wakacheka wote.

"Wifi, bado ananyonya," nikasema.

"Ananyonya na meno yote hayo? Wewe ndiye unamnyonya yeye."

Wakacheka tena. Geofrey naye. Mimi nilicheka kwa midomo tu.

Mnajua utani unavyokuwa. Mara ya kwanza unacheka, mara ya pili unatabasamu, mara ya tano huwezi kumeza chakula.

Maana ukweni kwangu mtoto kubaki kwa bibi au shangazi siyo jambo la ajabu. Geofrey mwenyewe alilelewa Lupembe na shangazi yake, mpaka leo anamwita mama.

"Baba Jacob, dada yako anatania kweli?"

"Anatania."

"Na kama hatanii?"

"Sasa si ni mtoto wa kwao? Kwani ataliwa?"

Ndivyo alivyonijibu, akageukia ukutani.

Siku iliyofuata Hyasinta karudi kutoka sokoni na mabuti madogo ya mvua. Nikamvalisha Jacob, yakampwaya mpaka magotini.

"Makubwa, wifi."

"Najua. Ya mwakani."

Mwakani mtoto wangu atakuwa wapi? Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Kilichonimaliza kabisa ni jiko. Jioni nikiingiza jiko la mkaa chumbani ili mwanangu apate joto, nikitoka kidogo nikirudi nakuta limetolewa nje.

"Wifi, mtoto anapata baridi."

"Mfunike."

"Nimemfunika. Mikono bado ya baridi."

"Basi mfunike tena. Jiko hapana."

Nikamtazama mama mkwe anitetee. Yeye akainama, akaanza kuokota kitu chini ambacho sikukiona. Halafu akatoka.

Nikasema moyoni, mwanamke huyu ana roho gani? Anataka mwanangu augue, nionekane sijui kulea, apate sababu ya kubaki naye. Ndugu zangu, hofu ikishaingia kichwani inajitungia hadithi yake, na kila kitu kinaingia humo vizuri.

Jumamosi tukafika Makambako. Misa ikaisha salama, Modesta kapendeza, wazee wametabasamu. Familia yetu ilikuwa imepewa nyumba ya ndugu mmoja, kutoka hapo mpaka ukumbini ni kuvuka uwanja tu. Na upepo wa Makambako... wenyeji mnaujua. Unapita kwenye sweta kama hujavaa kitu.

Mke wa nyumbani siku ya harusi hakai. Nilitakiwa kwenda kupakua. Jacob alikuwa amesinzia begani.

Hyasinta akanifuata.

"Nipe nimbebe, wewe nenda kapakue."

"Amelala."

"Basi nitakaa naye chumbani."

"Hapana, wifi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia usoni. Akanitazama kwa muda. Nilifikiri atanitukana.

"Haya, mama Jacob," akasema, akaenda zake.

Nikamlaza mtoto. Nikafunga dirisha kwa sababu ya upepo. Chini ya mlango kulikuwa na uwazi, nikauziba kwa blanketi. Barazani kulikuwa na jiko limewashwa, nikaongeza mkaa, nikaliingiza, nikaliweka mbali na kitanda asije akaliangukia. Nilifikiria yote hayo.

Halafu nikatoka, nikafunga kwa ufunguo.

Nawaambia ukweli, niliondoka na amani ambayo sikuwa nayo tangu tufike. Nikajiona mjanja.

Nimepakua wali, nimepakua nyama, nikaomba ruhusa nikamwangalie mtoto. Ndipo nikakuta mlango ule.

Nikampigia Geofrey. Simu inaita tu. Ukumbini muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho, angesikia nini?

Nikampigia Hyasinta. Imezimwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele ya nyumba na wazee wenzake, na vitenge vyao vya sare. Nikamfikia nalia.

"Mama, Hyasinta kavunja mlango. Kamwiba mwanangu."

Hakuniuliza kaenda wapi. Hakuniuliza lini.

"Chumbani kulikuwa na jiko?"

"Mama, nakwambia mtoto kaibwa, wewe unaniuliza jiko?"

"Anneth. Kulikuwa na jiko?"

"Ndiyo."

Mama mkwe akateremka kutoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye vumbi, na sare yake ya harusi.

"Na dirisha?"

"Nililifunga."

Akashika kichwa. Wale wazee wakatazamana.

"Nenda kituo cha afya," akasema taratibu. "Nenda, mama. Wahi."

Nikapanda boda. Na hapo juu ya boda, upepo unanipiga usoni, ndipo akili yangu ilipofunguka.

Darasa la jioni. Kemia. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa nini? Swali lile lilitoka kwenye mtihani. Nililijibu. Nilipata alama zote.

Hewa isiyo na rangi. Isiyo na harufu. Inayoua.

Niliandika maneno hayo kwa kalamu yangu, nikafaulu, nikaja kuziba mlango kwa blanketi.

Wiki nzima nilikuwa namwogopa mtu. Sasa nikaanza kuiogopa mikono yangu mwenyewe. Sijui kama mtu anaweza kuogopa zaidi ya hapo. Nilitamani boda ifike, na nilitamani isifike.

Hyasinta alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido. Hana viatu. Mkono wa kulia kauzungushia kitenge, na kitenge kimelowa damu.

"Yuko wapi?"

"Ndani."

"Anapumua?"

Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Wifi, anapumua?"

"Ingia," akasema.

Nikaingia. Jacob alikuwa mdogo sana juu ya kile kitanda. Amewekewa oksijeni, uso karibu wote uko ndani ya kile kifuniko. Nesi alikuwa ameshika kidole chake.

"Wewe ndiye mama?"

"Ndiyo."

"Nani alimfungia na jiko la mkaa?"

"Mimi."

Nesi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mshukuru aliyemleta," akasema. "Angechelewa kidogo tu, sisi tusingekuwa na cha kufanya. Shika mkono wake. Ongea naye, akusikie."

Nikaongea. Sijui nilisema nini. Nilimwimbia, nilimwomba msamaha, nilimtajia majina ya kuku wa bibi yake. Nikikaa kimya nilikuwa nasikia mashine tu.

Halafu akakunja uso... akalia.

Akina mama wenzangu, kuna siku kilio cha mtoto kimewahi kuwachosha? Mimi kile kilio nilikinywa kama maji.

Alipotulia, nesi akasema hali inaenda vizuri ila atabaki pale wamwangalie. Nikatoka nikakaa sakafuni karibu na Hyasinta. Mhudumu mmoja alikuwa anamshona mkono pale pale.

"Ulijuaje?"

"Nilipita barazani, jiko halipo. Nikaita dirishani, kimya. Nikagonga, kimya. Mlango umefungwa. Nikavunja kioo apate hewa, mkono ukachanika, halafu nikauvamia mlango."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Sauti haikutoka, wifi. Nilifungua mdomo, haikutoka."

"Kwa nini hukuniambia tangu Njombe?"

"Nilikwambia. Jiko hapana."

"Hukuniambia sababu."

Akasubiri aliyekuwa anamshona amalize, aondoke.

"Nilikuwa na mtoto," akasema. "Jasmine. Nilikuwa nimeolewa Mlangali, nikaja nyumbani likizo kama wewe. Baridi kama hii. Mama akamhurumia mjukuu wake, akamwekea jiko chumbani, akafunga vizuri asipate upepo. Sisi tukaenda kuvuna viazi."

Nikamshika bega.

"Wadogo zangu waliambiwa degedege. Mama tangu siku hiyo hajawahi kulitaja jina lake. Sasa ningekwambia wewe, ungekuwa unamtazamaje mezani?"

"Mimi nilidhani unataka kunichukulia mtoto."

"Najua ulidhani. Na kumbeba napenda, sikatai." Akajifuta pua kwa mkono ule mzima. "Lakini simtaki mwanao, wifi. Nataka akue."

Geofrey akafika na suti yake, anahema, mama mkwe nyuma yake kashikwa mkono na jirani.

"Kuna nini? Mtoto ana nini?"

Hyasinta akawahi. "Kapata baridi tu, kifua kimebana."

Alikuwa ananifichia kosa langu. Mwanamke niliyemfungia mlango, mkono wake una nyuzi kwa ajili ya mwanangu, alikuwa ananificha mbele ya mume wangu, kama alivyomficha mama yake miaka yote.

"Siyo baridi," nikasema. "Ni jiko, baba Jacob. Niliingiza jiko chumbani, nikafunga dirisha na mlango. Mimi."

Geofrey akanitazama. Akamtazama dada yake. Kabla hajasema neno, mama mkwe akasogea mbele.

"Kama mimi," akasema.

"Mama, acha," Hyasinta akamwambia.

"Nimeacha sana." Machozi yanamtoka, sauti imenyooka. "Geofrey, Jasmine hakufa kwa degedege. Niliziba mlango mimi. Nikamuua mjukuu wangu kwa huruma, na leo ukimya wangu nusura uue wa pili."

Akapiga magoti pale kwenye korido mbele ya binti yake. Hyasinta naye akashuka chini, wakashikana. Sijawahi kuona watu wazima wanalia vile.

Jacob yupo, mzima. Naandika haya huku anavuta waya wa chaja.

Nimeandika kwa sababu miezi hii ya baridi kuna mama anaingiza jiko chumbani sasa hivi, kwa upendo kabisa. Mama, litoe nje. Mfunike mtoto, mlaze kifuani kwako. Kutosikia harufu siyo dalili kwamba mko salama.

Na wewe mwenyeji, ukimpokea mgeni usimwonyeshe kitanda tu. Mwambie na kinachoua hapo kwenu, mwambie na sababu, hata kama sababu yenyewe ina jina la mtu unayemlilia.