Ngoma Ndani ya Mandolini

Wapo wanaosema jini wa Muheza hawezi kufika Marekani, eti nani atampa viza. Waache waseme. Irene naye alikuwa akisema hivyohivyo, tena kwa kicheko, mpaka Jumamosi moja ya mwaka 2006, mchana kweupe, alipozinduka usingizini katika fleti yao mjini Falls Church akasikia ngoma.

Irene alikuwa akihudumia wazee zamu ya usiku, kwa hiyo mchana ndio uliokuwa usiku wake: mapazia yamefungwa, simu imezimwa, na ole wake atakayepiga kelele. Alitoka chumbani na kanga kifuani, amefura. Sebuleni mumewe Kalisti, mtu wa kompyuta, Mhaya ambaye hajawahi kushika hata filimbi, alikuwa amejikunyata juu ya mandolini, kigitaa kidogo cha nyuzi nane. Tangu majani yaanze kupukutika alikuwa amerogwa na bluegrass, muziki wa watu wa milimani huko Virginia. Kila Ijumaa alikwenda kukaa duara moja na wazee wa Kizungu katika ukumbi wa kanisa, akarekodi nyimbo zao za fidla. Jumamosi akaziingiza kwenye kompyuta, akazipunguza mwendo mpaka zikatambaa, kisha akaziokota kwa mandolini noti moja moja.

"Baba Koku, hiyo ngoma unaipiga na nani?"

"Ngoma gani? Muziki huu hauna ngoma, mke wangu. Mandolini ndiyo inayoshika mapigo."

"Mimi nasikia ngoma."

"Umechoka. Nenda kalale."

Lakini binti yao Koku, wa miaka tisa, aliyekuwa amelala kifudifudi zuliani na kalamu zake za rangi, aliinua kichwa. Mtoto huyu Kiswahili alikielewa chote, ila ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, hata umfinye. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba hata yeye anaisikia ngoma, tena ni nzuri. Kidole chake kilikuwa kikigonga zulia.

Irene alirudi kitandani asilale. Mapigo yale aliyajua. Alikuwa mdogo kuliko Koku pale bibi yake kule Muheza alipokuwa akipungwa pepo. Mganga anapiga ngoma hii, kimya. Anapiga ile, kimya. Maana kila pepo ana ngoma yake na haitikii ya mwenzake. Kisha anaigusa moja, na bibi, mwanamke mpole asiyejua kuinua sauti, anaanza kutetemeka mabega na kuzungumza kwa sauti ya mtu mwingine. Walimwita bibi kiti, kwa sababu pepo alikuwa akimkalia. Bibi alipokufa walimzika Kikristo, na hakuna aliyeuliza yule mkaaji amekwenda wapi.

Sasa hebu mfikirie mtu anayejifunza nyimbo mpya kila wiki, wimbo baada ya wimbo, bila kujua anabisha mlango wa nani! Kalisti simlaumu. Mtu wa Bukoba atayajuaje ya Muheza?

Nyimbo zile zina vipande viwili, na Kalisti alikuwa amekwama kwenye kipande cha pili. Siku iliyofuata, baada ya misa, vidole vyake vikaiona njia. Irene, aliyekuwa amejilaza, alinusa kabla hajasikia: udi, na ndani ya udi marashi ya waridi, katika fleti ambayo siku zote ilinuka vitunguu na sabuni ya kufulia. Akatoka mbio bila viatu, na ngoma sasa haikuwa ndani ya mandolini tena, ilikuwa ukutani, ilikuwa sakafuni, ilikuwa kwenye meno yake, na Kalisti macho ameyafumba anapiga kwa furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, hasikii, haoni, na pale katikati ya zulia Koku amekaa amekunja miguu kama mwanamke wa makamo, mabega yakimruka, yakimruka, mpaka yakatulia ghafla na kichwa kikainuka.

"Hamjambo wenyewe," alisema Koku. Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Tanga, cha taratibu, cha mtu mzima. "Safari ilikuwa ndefu. Mjukuu wangu Irene, hata maji hunipi?"

Mandolini ikanyamaza. "Koku?" Kalisti alinong'ona. "Koku, mama, acha mchezo."

Mtoto hakumtazama. "Bibi yako walipomfukia nilibaki sina pa kukaa," alimwambia Irene. "Nimesimama miaka yote hii. Sasa nimekaa."

Jioni ileile wakamwita Mchungaji Eliudi, Mkenya wa Woodbridge. Akaja, akaomba mpaka sauti ikamkauka. "Mama Koku," akasema akijifuta jasho, "hii kitu iliingia na huo muziki. Toa yote kwa nyumba. Yote, usibakishe."

Irene hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliipigiza mandolini kwenye chuma cha baraza mpaka ikawa kuni, mumewe akimtazama machozi yakimlenga. Akafuta kila wimbo kwenye kompyuta na kwenye kile kinasa sauti. Harufu ikapotea. Koku akalala fofofo, na Irene akalia kwa shukrani.

Asubuhi mtoto akatoka chumbani, akapiga goti. "Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Jamani! Irene alijifungia bafuni na simu, akampigia mama yake mkubwa kule Muheza, akamweleza yote kwa kunong'ona.

"Sasa mnaogopa nini?" mama mkubwa akauliza. "Pepo hupanda kwa ngoma yake na hushuka kwa ngoma yake, hiyohiyo. Mpigieni, mzungumze naye kwa adabu, atateremka."

"Nimeivunja, mama. Nimefuta kila kitu."



"Basi, mwanangu," mama mkubwa alisema polepole, "umefunga mlango naye yumo ndani."

Kalisti aliazima mandolini, akajaribu kuukumbuka wimbo. Vidole havikujua pa kuanzia. Akarudi kwenye duara, akauimba kwa mdomo kadiri alivyoweza, na wale wazee wakatazamana. Wimbo kama huo, wakasema, hakuna aliyewahi kuupiga pale. Wakamfundisha mingine inayofanana, kwa moyo mweupe, na tangu hapo akawa anajifunza kama mtu anayefukuzwa. Kila akishika mpya huja kukaa mbele ya binti yake na kumpigia. Mtoto husikiliza kichwa upande, kama mgeni mwenye adabu.

"Siyo huo, baba. Lakini ni mzuri. Jaribu mwingine."

Irene naye alipiga magoti. "Nikalie mimi," akamsihi. "Mtoto mwache, nakuomba kwa jina la bibi."

"Wewe umeshachakaa, mjukuu wangu," alijibiwa, tena kwa huruma, na mkono mdogo ukampangusa machozi.

Ikaja Pasaka, Watanzania wakakutana kula pilau katika ukumbi mmoja huko Langley Park. Koku alizunguka ukumbi mzima akiamkia wakubwa mmoja mmoja, akiuliza habari za kazi, za watoto, za kule nyumbani. Wanawake walishika vinywa.

"Hongera, shoga!" Euphrasia, jirani yao wa zamani, akamkumbatia Irene. "Wa kwetu hata shikamoo hawaitamki. Ninyi mmefanyaje?"

"Tunaongea naye tu nyumbani," alisema Irene, akatabasamu, na tabasamu likamuuma mashavu.

Wakati wa kurudi Kalisti ndiye aliyeendesha. Irene alikaa nyuma na mtoto. Magari kwenye barabara kuu ya Beltway yalisogea kidogokidogo, na ndani ya gari udi ulinukia waziwazi. Akajikaza, akainama sikioni.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Sss," Koku alisema, kidole mdomoni. "Alikuwa akikuita tangu asubuhi. Ndio kwanza anapata usingizi."