Bugali Kwenye Ufa wa Sufuria

Kila Jumamosi msichana Safi alimsaidia baba yake, Papa Feruzi, kutengeneza sufuria nyuma ya soko la Kasongo. Waliyeyusha pistoni kuukuu za pikipiki, wakamimina uji wake wa moto ndani ya sanduku la mchanga wenye tundu la umbo la sufuria. Kazi ya mwisho ndiyo iliyomchosha Safi kuliko zote: kukaa na kungoja ipoe.

Jumamosi moja sufuria ilikuwa ya Mama Victorine, kiongozi wa kwaya, aliyetaka kuwapikia wageni sombe, mboga ya majani ya muhogo, kesho yake. Pistoni zote zilizokuwapo ziliishia humo. Papa Feruzi alipokwenda kuswali alasiri, alisema, "Iko inalala. Usifungue mchanga mpaka nirudi."

"Ndiyo, Papa," alijibu Safi, lakini masikio yake yalikuwa uwanjani, ambako filimbi ilikwisha kulia. Yeye ndiye golikipa, na bila yeye wenzake wangefungwa hata na mbuzi.

Akachukua ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya mchanga. Pshaa! Mvuke ulimkimbiza mpaka ukutani. Alipofukua, sufuria ilikuwa imepoa kweli, lakini kitako chake kilikuwa na ufa mrefu. Safi aliingiwa na hofu. Akachukua bugali, ugali uliobaki mchana, akaziba ufa, akapaka majivu juu yake, akakimbia uwanjani. Huko alifungwa mabao matano kwa kuwaza ufa.

Jioni, Safi na Papa Feruzi waliporudi tu, Mama Victorine naye alifika, akaifudikiza sufuria chini ili aigonge. Sufuria nzuri hulia 'ngee!', mbovu hulia 'kwa!' Alipogonga, Safi akakohoa. Akagonga tena, Safi akakohoa tena.

"Huyu mutoto iko na kikohozi kibaya," alisema Mama Victorine kwa huruma.

Mara kuku akaja, akaanza kudonoa kitako cha sufuria kwa bidii.

"Papa Feruzi, tangu lini kuku iko inakula sufuria?" aliuliza Mama Victorine.

Safi akalia. "Ni mimi, Papa. Nilimwaga maji. Ile ni bugali."

Papa Feruzi aliivunja sufuria kwa nyundo, akamwonyesha Safi vijitawi vyembamba vilivyojaa penye ufa, kama unyoya.

"Ona. Ndani ya pistoni iko aluminiamu na silikoni. Ukiharakisha, haigandi sawasawa. Inatoa vijitawi huku na huku, na kati yake panapasuka. Tena ule mvuke ungekuchoma macho!"

Wakayeyusha vipande upya. Safari hii Safi alikaa kando ya sanduku bila kusogea, hata inzi alipotua puani mwake. Mama Victorine alipogonga, sufuria ililia ngee, naye akaondoka nayo kichwani akiimba.

Papa Feruzi akamgeukia binti yake. "Kazi ya kungoja nayo ni kazi. Na ukiharibu kitu, niambie palepale, hata kama unaogopa. Nitakasirika kidogo, halafu tutatengeneza pamoja."