Kipimo Kilisema Hawezi Kuficha

Nina miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Mlalo, Lushoto. Nawaomba jambo moja kabla sijaanza: msinicheke. Waliocheka huku nyumbani wanatosha!

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili ya biashara, darasa letu lilikuwa na wanafunzi wa mataifa mengi. Utafiti wangu ulikuwa kupima jinsi mataifa hayo yanavyotofautiana kwa tabia. Niliwauliza wenzangu: ukiwa na neno zito moyoni, utalisema waziwazi au utalizunguka? Sisi Watanzania tulishika mkia. Waholanzi wakawa juu kabisa.

Mmoja wao alikuwa Jeroen... Jamani, yule mtu alikuwa na mdomo! Nikipika, aliniambia chumvi imezidi. Nikivaa gauni jipya, aliniambia halinipendezi. Badala ya kununa, nikampenda. Mtu wa namna hii atanificha nini?

Alipotaka kunioa nilimleta nyumbani. Mama akamwandalia chai ya maziwa, naye akasema sukari ni nyingi mno! Mama aliingia jikoni, nikamfuata.

"Mwanangu, huyu hana mshenga wala ndugu wa kutupa habari zake. Hana mke huko kwao?"

"Mama, hawa si kama sisi. Angekuwa naye angeshasema."

Nilijibu kwa majivuno, msomi mzima! Kumuuliza Jeroen mwenyewe niliona ni kumvunjia heshima. Kwetu nani humkabili mchumba kwa swali kama lile?

Tukaenda kwa mchungaji ili ndoa yetu itangazwe kanisani. Baba yangu, mzee wa kanisa, alikaa kando yangu na koti lake la Jumapili. Mchungaji akamuuliza Jeroen kwa upole kama amewahi kuoa.

"Ndiyo," akajibu palepale, kwa sauti ileile ya chumvi na sukari. "Nina mke na watoto wawili. Hatuishi pamoja, ila talaka bado."

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke!

Nje nilimshika shati nikilia. Kwa nini hakuniambia? Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hukuniuliza."

Mimi nilikuwa nangoja kuambiwa... yeye alikuwa anangoja kuulizwa. Kesho yake aliondoka. Utafiti wangu ulipata alama ya juu darasani, na hadi leo sijui niicheke au niililie.

Baba aliacha uzee wa kanisa. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Hajanigombeza hata mara moja... laiti angenigombeza! Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba huku anatazama chini.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Msimwamini mtu kwa sababu ya taifa lake. Muulizeni mwenyewe, kwa mdomo wenu, hata kama aibu inawaunguza. Mimi niliikwepa aibu ya swali moja, na sasa kila Jumapili nageuka nyuma kanisani, kumtafuta baba yangu kwa macho.