Michoro ya Mwalimu Paskalina

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijagongwa, Zipora alikuwa ameshapanda juu ya kiti mbele ya ubao wa Darasa la Sita. Yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa taaluma, na kazi yake ilikuwa kunakili ubaoni mchoro wa somo la sayansi. Shule yao ya Ngokolo, mjini Shinyanga, ilikuwa na vitabu tisa kwa wanafunzi sitini na wanane. Bila ubao, wengi wasingeona kitu.

Michoro hiyo ilitoka kwenye daftari kubwa la Mwalimu Donatus, aliyewafundisha somo hilo. Aliichora marehemu mke wake, Mwalimu Paskalina, alipokuwa akifundisha huko Kishapu: ua la pamba, funza anavyotoboa kitumba, yaani tunda changa la pamba, tumbo la ng'ombe na vyumba vyake vinne. Chini ya kila mchoro aliandika jina lake. Mwalimu Donatus alikuwa akiliandaa daftari hilo liwe kitabu. Binti yao Loveness alifiwa na mama akiwa bado ananyonya, na baba yake alitaka siku moja asome jina la mama yake kwenye jalada.

"Nenda nalo nyumbani ukafanye mazoezi ya tumbo la ng'ombe," alimwambia Zipora Ijumaa moja. "Huo mchoro mmoja tu. Jumatatu unirudishie."

Zipora hakuwa mtoto mbaya. Tatizo lake lilikuwa kutaka kumsaidia kila mtu bila kuuliza. Alichukua simu ya mama yake, akapiga picha michoro yote arobaini na miwili, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kwa kuwa simu nyingi zina vioo vidogo, alikata sehemu ya chini ya kila picha ili mchoro uonekane mkubwa. Jina likaenda na kipande kilichokatwa. Wazazi walimmwagia sifa, naye akavimba kichwa wiki nzima.

Miezi miwili baadaye, Masudi, ambaye kaka yake anachimba dhahabu Geita, alikuja darasani na kijitabu kipya.

"Shikamoo mwalimu. Kaka kaninunulia hiki kwenye kituo cha tuisheni. Kina michoro kama ya kwetu."

"Marahaba. Hebu nione."

Mwalimu Donatus alikipokea akitabasamu. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, kisha akarudi kwenye jalada. Palikuwa na jina la mtu asiyemjua. Akakaa chini. Alipitisha kidole polepole juu ya ua la pamba, na machozi yakamtoka mbele ya darasa zima. Hakuna aliyecheka, hata wale watundu wa nyuma.

Zipora alijua michoro ile ilikotoka. Angeweza kunyamaza, na pengine mwalimu asingejua kamwe. Wakati wa mapumziko alimfuata ofisini.

"Mwalimu, ni mimi," alisema, huku akilia. "Nilipiga picha zote, nikazituma. Jina nililikata mimi. Naomba unisamehe."

"Kwa nini ulilikata?"

"Nilitaka mchoro uonekane vizuri."

Mwalimu alichukua simu yake. Kisha akapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kijitabu. Mwenye kituo, Bwana Kalisti, hakubisha.

"Niliikuta mtandaoni, mwalimu wangu. Haikuwa na jina, nikajua ni ya wote."

Aliomba radhi, akaahidi kuacha kuuza vijitabu vilivyobaki mpaka jina la Paskalina liwekwe. Zipora naye aliwaandikia wazazi kwenye kundi na kueleza kosa lake. Lakini vijitabu mia tatu vilikuwa vimeshauzwa, na picha zilikuwa zinahama kutoka simu hadi simu. Hizo hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Kesho yake mwalimu alisimama mbele ya darasa.

"Sitamchapa mtu," alisema. "Hata mimi nina kosa. Miaka yote nimechukua picha mtandaoni nikaziweka kwenye mitihani yenu, na sikuwahi kuuliza ni za nani. Sasa nimejua inavyouma. Kuonyesha mchoro mmoja darasani ili mjifunze, na kumtaja mwenyewe, hilo linakubalika. Kuchukua kazi nzima na kuisambaza, lazima umwombe kwanza. Mke wangu hawezi tena kuombwa, wala hawezi kusimama aseme hii ni yangu. Mkikuta kazi haina jina, msiseme haina mwenyewe. Kuna mtu aliifanya, na pengine ana mtoto anayemtafuta humo."