Chapuchapu na Kengele ya Stesheni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Chapuchapu alikuwa ameshavaa kiatu kimoja, amepiga mswaki meno ya kushoto, na kumaliza kikombe cha chai ambayo ilikuwa bado inatoa mvuke. Meno ya kulia yangesubiri kesho. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa refu na lilimchelewesha, kwa hiyo darasa zima la sita lilimwita Chapuchapu, na hata mama yake alichoka kubishana akafuata mkumbo. Watu wa mtaani walisema msichana huyo akipita, kuku hujipanga pembeni wenyewe. Muuza maziwa aliapa kwamba siku moja alipitwa naye kwenye mteremko, yeye akiwa juu ya baiskeli, na Chapuchapu akapata muda wa kugeuka na kumwamkia.

Darasani alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu na wa kwanza kuzikosea. Siku alizozipenda kuliko zote ni Jumanne na Alhamisi, kwa sababu saa tisa alasiri klabu ya kompyuta ilikutana katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya madawati. Kulikuwa na kompyuta kumi na tatu na wanafunzi ishirini na sita. Kila wawili walikaa mashine moja, kwa saa moja tu.

Jumanne hiyo Mwalimu wa kompyuta alikuja na mchezo mpya. Haukuwa wa magari wala wa mpira. Mchezaji alikuwa mpelelezi mwenye koti lililochakaa, aliyetumwa katika mji mdogo kutafuta kengele kubwa ya stesheni iliyoibwa Jumatatu usiku. Hapakuwa na bunduki wala kufukuzana. Kulikuwa na watu, na watu wenyewe walikuwa na maneno! Mkuu wa stesheni, muuza mikate, mama dobi, kila mmoja alizungumza, na maneno yake yakajitokeza kwenye skrini ili mchezaji ayasome na kuchagua la kujibu.

"Mwanzoni mnapewa pointi kumi," Mwalimu alieleza. "Mtazigawa kati ya Akili, Huruma, Macho na Nguvu. Mkijaribu jambo gumu, kompyuta itarusha dadu. Mengine mtayajua mkienda."

Chapuchapu hakusubiri neno la mwisho. Pointi zote kumi alizimimina kwenye Nguvu. Kisha akagundua kwamba ukibonyeza kitufe kirefu cha chini, maneno yote hupita kama upepo. Kidole chake kikaweka kambi pale.

"We Chapu, hebu ngoja nisome," alilalamika Miwani, rafiki yake waliyekaa mashine moja.

"Utasoma mtihani ukifika. Hapa tunatafuta mwizi."

Alimpita mkuu wa stesheni, akampita mama dobi, akafika kwa muuza mikate. Nyuma ya mzee huyo palikuwa na kamba ndefu. Kamba! Chapuchapu akabonyeza "Mkamate". Muuza mikate akatiwa pingu, skrini ikaandika "Kesi imefungwa", na chini yake yakafuata maneno mengine ambayo kidole kiliyafagia kabla jicho halijafika.

"Nimemaliza!" Chapuchapu aliruka juu ya kiti. "Mwalimu, nimemaliza mchezo! Dakika kumi na tisa!"

Chumba kizima kiligeuka. Wengine walikuwa bado wanamsalimia mkuu wa stesheni.

"Kengele yenyewe ilikuwa wapi?" aliuliza Miwani, ambaye alikuwa akifuta miwani yake wakati mambo yakitokea.

Hapo ndipo angeweza kusema, "Sijui." Ni neno fupi, halichukui hata sekunde. Lakini wenzake ishirini na tano walikuwa wakimtazama, kichwa kikamvimba, na ulimi ukateleza.

"Kwenye tanuri la mikate. Chini kabisa ya majivu."

Mwalimu alifurahi sana. "Basi tuandikie ushauri wa wanaoanza, tuubandike ukutani. Wenzako wasipoteze saa yao moja."

Chapuchapu aliandika ushauri huo akiwa amesimama, kwa kalamu ya wino mzito. Aliwaambia wenzake waweke pointi zote kwenye Nguvu, wasijichoshe na maneno ya watu, na wamkamate muuza mikate mapema. Karatasi ikabandikwa ukutani, na jina lake refu likaandikwa chini yake.

Alhamisi ilipofika, klabu nzima ilifuata karatasi ile neno kwa neno. Katika nusu saa wauza mikate kumi na watatu walitiwa pingu. Sijui kama katika dunia hii, ya kweli au ya kompyuta, mikate iliwahi kuadimika kiasi kile. Kisha, mashine moja baada ya nyingine, skrini zikaandika maneno yale yale, na safari hii hakuna aliyeyafagia: "Kesi imefungwa. Kengele haijapatikana. Mtu asiye na kosa yuko ndani."

Wa kwanza kusikika alikuwa Kitone, msichana wa darasa la nne, mdogo kuliko wote katika klabu. Alikuwa analia kwelikweli, machozi yakidondokea kibodi.

"Aliniita mjukuu wangu," alisema kwa kwikwi. "Alinipa mkate. Mimi nikamfunga."

"Mchezo umeharibika huu," mvulana mmoja alisema. Wengine wakadakia kwamba umeharibika, tena haufai.

Mwalimu alitazama saa, akavuta pumzi. "Labda ni mgumu kwenu. Nilipigania sana tuletewe huu, lakini saa zenyewe hazitoshi. Jumanne nitaufuta, turudi kwenye mazoezi ya kuchapa."

Mazoezi ya kuchapa! Kila mtu aliyajua: herufi zile zile, mstari ule ule, mpaka vidole vinasinzia. Vichwa viliinama chumba kizima. Miwani alimtazama Chapuchapu, na kule kutazamwa kulimchoma kuliko kutukanwa. Alijua kwamba mchezo haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa limebandikwa ukutani, na jina lake chini.

Baada ya kipindi alibaki nyuma. "Mwalimu, naomba uninakilie mchezo kwenye flashi. Mama mdogo ana kompyuta. Nataka... nataka kuangalia kitu."

"Angalia," Mwalimu alisema. "Lakini ni mpaka Jumanne."

Nyumbani kompyuta ya mama mdogo ilikuwa huru kuanzia saa kumi jioni, akishamaliza kazi zake za ukarani. Ilikaa mezani sebuleni, karibu na kiti cha Bibi. Bibi alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpokeasimu wa hospitali kubwa: simu zote zilipita kwake, naye aliziunganisha na wodi, maabara au ofisi. Macho yake yalikuwa yamechoka kidogo, lakini masikio yake yangeweza kusikia sukari ikiyeyuka kwenye chai ya jirani.

"Mbona hiyo mashine inapiga tak-tak-tak kama mvua ya mawe?" aliuliza.

"Naruka maneno, Bibi. Ni mengi mno."

"Na huyo unayemruka, anajua kwamba humsikilizi?"

Chapuchapu aliondoa kidole kwenye kitufe. Kisha, kwa kuwa Bibi si mtu wa kudanganywa hata kwa simu, alimweleza yote: dakika kumi na tisa, tanuri, karatasi, Kitone na machozi yake.

Alidhani atakaripiwa. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kaa, nikwambie. Wiki yangu ya kwanza kazini nilikuwa kama wewe. Mtu akipiga, sisubiri amalize. Siku moja baba mmoja akasema, 'Naomba uniunganishe na chumba cha...' Mimi huyo, chapu, nikamuunganisha na chumba cha maiti. Kumbe alitaka chumba cha chakula! Alikuwa anatuuzia kuku. Akamuuliza mhudumu wa kule, 'Leo mnataka wangapi?' Mhudumu akajibu, 'Sisi hatuagizi, baba. Wanakuja wenyewe.'"

"Bibi!"

"Yule baba hakutuletea kuku tena. Na mimi nikaitwa ofisini. Nikakiri kwamba nilimkata mtu maneno, na nikapata amri moja: mwache mtu amalize, kisha umrudishie alichosema kabla hujachomeka waya. 'Umesema wodi ya watoto, siyo?' Miaka thelathini sikukosea tena. Haya, anza upya. Soma kwa sauti, nami nisikie."

Wakaanza upya. Safari hii Chapuchapu aligawa pointi: nne Akili, tatu Macho, mbili Nguvu, na moja tu Huruma, kwa sababu tabia haibadiliki siku moja. Alisoma kwa sauti, na kila mtu alipomaliza, Bibi alirudia alichosikia. Mkuu wa stesheni alisema kengele ililia kila saa, usiku na mchana. Muuza mikate alisema kamba ile ni ya kufungia magunia ya unga, na alitaja hata idadi ya magunia. Kisha wakafika kwa mama dobi, aliyeongea kama bomba lililopasuka: sabuni, mashuka, mvua, majirani. Kidole cha Chapuchapu kilianza kuwasha.

"...'na mume wangu mgonjwa, afadhali tangu Jumanne analala kama mtoto mchanga, na hayo mashuka ya hoteli nayo...'"

"Simama hapo," Bibi alisema. "Rudi nyuma. Analala vizuri tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na kengele iliibwa lini?"

Chapuchapu alifungua daftari la mpelelezi ndani ya mchezo. "Jumatatu us—" Macho yalimtoka. "Bibi! Ilikuwa inamnyima usingizi mgonjwa wake!"

"Sijasema kitu. Muulize mwenyewe. Lakini muulize kama mtu, si kama askari."

Kuuliza kwa upole kulihitaji Huruma, naye alikuwa na pointi moja. Dadu ikarushwa. Akashindwa! Mpelelezi alijikwaa kwenye beseni na kutumbukia kwenye maji ya sabuni, koti na kila kitu. Mkono wa Chapuchapu ulikuwa tayari kufuta na kuanza upya.

"Unakwenda wapi? Ameanguka, hajafa," Bibi alisema. "Soma kinachofuata."

Kilichofuata ni mama dobi kucheka mpaka akakaa chini. Kisha akamvua mpelelezi koti, akalianika, akamtilia kikombe cha chai. Koti likiwa linakauka, akaanza kuongea polepole kuhusu mume wake, kuhusu usiku ambao kila saa mgonjwa alishtuka, na kuhusu barua tatu alizoiandikia stesheni bila kujibiwa. Kengele ilikuwa chini ya rundo la mashuka, haina hata mkwaruzo.

Chapuchapu alikaa akitazama skrini. Siku ile ya kwanza, alipompita mama huyu kama upepo, jibu lilikuwa pale pale.

"Sasa," Bibi alisema, "hiyo ndiyo kazi nyepesi. Ngumu iko Jumanne."

Jumanne alasiri mkono wa Mwalimu ulikuwa tayari kwenye kipanya, tayari kufuta, Chapuchapu aliposimama mbele ya wote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliongea polepole.

"Usiufute, Mwalimu. Mchezo haujaharibika. Mimi sikuumaliza. Niliruka maneno yote, na habari ya tanuri niliitunga. Wote mlipoteza saa yenu kwa sababu yangu. Kitone, nisamehe."

Kuna aliyeguna. Kuna aliyesema "Tanuri!" na chumba kikaangua kicheko, na masikio ya Chapuchapu yakawaka moto. Lakini hakukimbia. Alibandua karatasi ya zamani, akabandika mpya iliyojaa pande mbili.

"Basi tuambie mwizi ni nani," alidai mvulana wa nyuma.

"Sisemi. Nimeandika namna ya kutafuta tu."

Miwani ndiye aliyeisoma kwa sauti. Iliwashauri wasikiguse kitufe kirefu hata kiwashawishi vipi, na wasome kila mtu mpaka mwisho, hasa anayeongea mambo yasiyo na maana. Iliwaambia wagawe pointi, kwa sababu mtu wa Nguvu tupu hufungua milango lakini hafungui midomo. Ukigundua jambo jipya, rudi kwa wale uliokwisha ongea nao, watakuwa na neno jingine. Hifadhi mchezo kabla ya kumkamata mtu yeyote. Dadu ikikukatalia usianze upya, endelea uone, wakati mwingine kuanguka ni njia. "Na kama hujui," ilimalizia, "sema hujui."

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya. "Mchezo unabaki. Lakini wewe hutakaa kwenye kompyuta wiki mbili. Utakaa na Kitone, umsaidie kusoma maneno magumu. Jibu usimpe."

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu kama reli. Kitone alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na Chapuchapu alikaa pembeni amejiuma midomo. Walipofika kwa mama dobi, Kitone alipita habari ya mashuka, akapita habari ya mvua. Kisha kidole kikasimama. Kikarudi nyuma mstari mmoja.

"Dada Chapu," alisema taratibu, "kengele iliibwa siku gani vile?"

Chapuchapu alishika kiti kwa mikono miwili ili asiruke. "Angalia kwenye daftari lako," alisema.

Kitone aliangalia. Ukelele alioupiga ulimfikia mpishi wa shule jikoni, na inasemekana ulimfikia pia mwalimu mkuu aliyekuwa benki. Klabu nzima ilikimbilia mashine ile. Mwalimu alisubiri kelele zitulie, akaweka mkono begani kwa Chapuchapu.

"Mnaona?" aliwaambia wote. "Aliyetudanganya alikuwa na haraka ya kusifiwa, na alipoteza saa ishirini na tano za wenzake. Huyo huyo alipokubali kusema ukweli mbele yenu, akaketi na kusoma kwa uvumilivu, ameturudishia mchezo wetu. Msikilizeni mtu mpaka amalize, na mkikosea, semeni mapema. Kwenye kompyuta mnaweza kuanza kesi upya. Nje ya kompyuta, muuza mikate akishafungwa, amefungwa."

"Mimi wangu nimemtoa!" alisema Kitone. "Na amenipa mkate mwingine."