Prisca na Sufuria ya Kukunja

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijafika kwenye migomba ya bondeni, Prisca alisugua sufuria za babu yake kwa majivu. Zilikuwa tatu, hazina mikono, na ile kubwa ilikuwa na mfuniko uliobonyea. Akishazisuuza aliziingiza moja ndani ya nyingine, kla, kla, zikawa mzigo mmoja. Mlio huo ulimfanya Babu Naftali atabasamu hata siku ambazo goti lilikuwa limemkosesha usingizi.

Babu alikuwa mpishi wa mlimani. Kwa miaka ishirini na mitatu aliupanda Mlima Meru pamoja na wageni, sufuria hizo zikiwa kichwani, na chumvi, viberiti na vitunguu vikiwa vimetulia ndani ya ile ndogo. Kila aliporudi salama, alikwaruza mstari mmoja kwa msumari upande wa ndani wa mfuniko. Mstari wa mwisho ulichorwa kabla Prisca hajaanza shule.

"Kule juu baridi inauma mpaka kwenye meno," Babu alipenda kusimulia. "Halafu unafunua sufuria, mvuke unapanda, na watu wote wananyamaza. Yaani nikifumba macho naisikia ile harufu mpaka leo."

Prisca alimpenda sana babu yake, ila sufuria zake alizionea haya. Zilikuwa nyeusi chini, nzito, za zamani. Kwa hiyo Mwalimu Eliud alipowatangazia watoto watano wa darasa la kipaimara kwamba watapiga kambi ya siku moja kwenye uwanda ulio chini ya msitu, nusu saa tu kutoka kijijini kwao Nkoaranga, na kwamba Prisca ndiye atakayechagua chombo cha kupikia, hakukitazama hata kidogo kichanja cha vyombo cha nyumbani. Alikwenda moja kwa moja soko la Tengeru, kwa Shangazi Aikaeli, aliyeuza vifaa vya kambi vya mtumba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Prisca alipomweleza habari za kambi, akaongeza, "Chagua unachotaka nikuazime, ila kirudi kizima."

Kati ya mahema na mifuko ya kulalia, Prisca aliiona. Ilikuwa sufuria ya rangi ya chungwa, chini bati, ubavuni mpira laini. Ukiibonyeza inalala bapa kama sahani, ukiivuta inasimama tena. Aliikumbatia papo hapo.

"Hiyo wageni wanaipenda," Shangazi alisema huku akimhudumia mteja mwingine. "Lakini muulize babu yako kwanza. Yeye ndiye anayejua mambo ya kambi."

Prisca hakuuliza. Nyumbani aliikunja na kuikunjua mara ishirini, akaijaza maji kuona kama inavuja, akaipima uzito mkononi. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuiweka motoni, kwa kuwa aliogopa kuichafua kwa masizi.

Babu aliishika, akaugusa ule mpira kwa kidole gumba. "Nyepesi kweli. Umeijaribu jikoni?"

"Ndiyo, babu," Prisca alijibu haraka. "Iko safi kabisa."

Babu aliigeuza, akaitazama chini, kisha akamrudishia.

Siku ya kambi ilianza vizuri. Walipanda kijia chenye utelezi, kila mmoja na ndizi zake za kupika, na Prisca akitembea kwa madaha kwa sababu mzigo wake haukuwa na uzito wowote. Alasiri, Godbless, aliyekuwa hodari wa kuwasha moto, alipanga mafiga matatu na kuchochea matawi makavu ya mikahawa. Prisca alimenya ndizi, akaweka nyama na maji, akaiteleka sufuria yake ya rangi ya chungwa. Wenzake waliishangilia.

Moto wa kuni haukai chini ya sufuria peke yake. Ndimi zake zilipanda ubavuni, na muda si mrefu ikatoka harufu mbaya ya mpira unaoungua. Ubavu ukalegea, ukapasuka, na nyama, ndizi na mchuzi vyote vikamwagika majivuni. Moto ukazimika puu!

"Nani amechochea kuni zote hizi?" Mwalimu Eliud aliuliza.

Macho yote yalimgeukia Godbless. "Ni mimi, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Nisameheni."

Prisca angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona Godbless akiinama kuokota vipande vya ndizi vyenye majivu, akivipangusa kimoja kimoja kwenye suruali yake.

"Si yeye, mwalimu," alisema. "Ni mimi. Sikuijaribu motoni. Na babu nilimdanganya kwamba nimeijaribu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Niruhusu nishuke nyumbani nikamwambie."

Mwalimu aliitikia, naye akashuka na Godbless, mbio. Walimkuta Babu barazani akichambua maharage.

"Babu, nilikudanganya," Prisca alisema akihema. "Sufuria imeungua, Godbless amelaumiwa bure, na watu wana njaa."

Babu akaanza kucheka taratibu. "Nilijua. Haikuwa na hata doa la masizi. Nilitaka uniambie mwenyewe." Akainuka, akachukua fimbo. "Chukueni ndizi na maharage yaliyoiva pale jikoni. Sufuria zangu nitazibeba mwenyewe."

"Na goti, babu?"

"Goti litanivumilia leo."

Alipanda polepole, sufuria kichwani, akisimama kila kona kuonyesha mahali alipowahi kupumzika na wenzake, wengine wakiwa wamekwisha kufariki. Walipofika, jua lilikuwa bado juu ya mikahawa. Babu alipika ndizi na maharage, akaipua sufuria kwa majani makavu ya mgomba, kisha akafunua. Mvuke ulipanda. Watu wote wakanyamaza. Prisca alimwona babu yake amefumba macho.

Baada ya kula, Babu aliiokota ile sufuria iliyoungua. "Hiki si kitu kibaya," aliwaambia watoto. "Kimetengenezwa kwa jiko dogo la gesi, na huko kinafaa sana. Ukichagua chombo cha safari, usiulize kwanza kama kinapendeza. Uliza kitakaa kwenye moto gani, kitalisha watu wangapi, na nani atakibeba. Kisha kijaribu nyumbani, ambako kikiharibika hakuna atakayelala na njaa. Na wewe, Prisca, chombo kilichokudanganya kimeharibu chakula cha mara moja tu. Uongo wako ungeharibu jina la Godbless."

"Nimeelewa, babu. Jumamosi nitakwenda kwa shangazi nimweleze ukweli, nimsaidie kazi sokoni mpaka aridhike."

Babu aliingiza mkono mfukoni, akatoa msumari uliopata kutu. Alikuwa amekuja nao. Akaugeuza mfuniko, akampa Prisca.

"Chora," alisema.

Prisca alikwaruza mstari mmoja, wa kwanza kuchorwa tangu alipokuwa mdogo, pembeni kabisa ya mistari ya babu yake. Kisha akaziingiza sufuria moja ndani ya nyingine, kla, kla, akajitwika mwenyewe.